Maji ya uchungu na maji ya kuzalia

Binti wa kaka yangu alinionyesha ile video tukiwa tumekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, Kibirizi, Kigoma, tunachambua dagaa. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, ya kwanza. Kwenye simu alionekana mwanamke wa Kizungu amechuchumaa ndani ya beseni la plastiki kubwa kama kitanda, maji yamemfika kifuani, taa zimepunguzwa, mume kamshika mabega kwa nyuma. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyemwambia asukume. Baada ya muda kichanga kikaibuka kutoka chini kama mtu aliyetoka kupiga mbizi, kikalazwa kifuani kwa mama, kikalia kidogo tu, kama anayelalamikia mwanga.

"Shangazi, kumbe kuzaa kunaweza kuwa kimya hivi?" akaniuliza. Halafu akaelekeza kidevu ziwani, mita mia hivi kutoka tulipokaa. "Na sisi maji si tunayo."

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Mimi si mkunga. Nimezaa wanne, nimesindikiza wengi kuliko hao, na kazi yangu ya kuandika inanilazimisha kusoma taarifa za afya hata siku ambazo sina hamu nazo. Swali la mtoto huyu lilinikaa, kwa sababu kila niliyemuuliza alinijibu kwa ukali. Wa kwanza akasema ni ushamba wa kuiga Wazungu. Wa pili, aliyesoma kidogo mtandaoni, akasema hospitali zetu zinawanyima wanawake haki yao. Wote wawili walizungumzia kitu kimoja, na nadhani hapo ndipo wanapokosea, maana ndani ya lile beseni mna mambo mawili.

Kuna maji ya kupitishia uchungu, na kuna maji ya kuzalia. Mama anaweza kuingia majini njia ikiwa imefunguka sentimita tano, akakaa humo saa tatu, kisha akatoka na kuzalia kitandani. Mwingine anabaki humo humo mpaka mtoto atoke. Video zinaonyesha dakika mbili za mwisho kwa sababu ndizo zinazopendeza kutazama, na zile saa zilizotangulia, ambazo ndizo mzazi yeyote anazikumbuka, zimekatwa.

Hata walioanzisha jambo hili walianza na maji ya uchungu. Daktari Mfaransa Michel Odent, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya mji wa Pithiviers, aliweka bwawa dogo wodini ili mama mwenye uchungu mkali apate pa kupumzikia. Baadhi yao walipoingia hawakutaka kutoka, na watoto wakazaliwa humo. Mwaka 1983 aliandika kuhusu uzazi 100 wa namna hiyo katika jarida la The Lancet, na tangu hapo mjadala haujatulia. Ukisoma historia hiyo unaona kwamba kuzalia majini kulitokea pembeni ya lengo. Lengo lilikuwa maumivu.

Kwa hiyo tuanze na maumivu. Mwaka 2018 mtandao wa Cochrane, ambao hukusanya majaribio ya tiba na kuyapima pamoja, ulijumlisha majaribio 15 yenye wanawake 3,663. Matokeo yake ni ya kiasi. Waliokaa majini wakati njia inafunguka walihitaji sindano ya ganzi ya mgongoni kidogo kuliko wenzao: 39 katika kila 100, dhidi ya 43. Hawakuonekana kufanyiwa upasuaji zaidi, wala watoto wao kuumwa zaidi. Ukimsomea mtu takwimu hizo atauliza, basi ni hilo tu? Tofauti ya watu wanne?

Nami nilijiuliza hivyo, mpaka nilipokumbuka zilikotoka. Huko mama asiyeingia majini ana sindano ya ganzi inayomsubiri, ana gesi ya kuvuta, ana daktari wa usingizi aliye zamu. Kigoma, mama mwenye uchungu wa kawaida hana kimojawapo. Anaambiwa avumilie, na asipovumilia anaambiwa kwamba wenzake walivumilia. Kwa hiyo ukipima faida ya maji ya uvuguvugu kwa mzani wa Ulaya unaipunja, maana kule maji yanashindana na dawa, na hapa hayashindani na chochote. Mtu akiniuliza nipo upande gani kuhusu maji ya uchungu, nipo upande wa maji, na ningependa yaanze kesho.

Wala hatuhitaji kufundishwa kwamba maji ya moto yanatuliza. Nani huku hajakandwa? Mzazi akitoka hospitali, mama yake au mkwewe anachemsha maji, anachovya kitambaa, anamkanda tumbo na kiuno siku hadi siku, wakati mwingine kwa moto uliozidi mpaka ngozi inababuka, na hilo nalo lina lawama zake. Lakini ujuzi upo. Kinachoshangaza ni kwamba tunaupeleka baada ya mtoto kuzaliwa, na katika saa ambazo mtu anaumia kuliko wakati wowote wa maisha yake tunamlaza chali kwenye makintoshi na kumwambia atulie.

Sasa nije kwenye kuzalia.

Watetezi wana hoja, na si haki kuwabeza. Nchini Uingereza, ambako mabwawa ya kuzalia yapo katika hospitali nyingi za umma, watafiti walifuatilia uzazi 4,032 wa majini uliotokea kati ya 1994 na 1996, wakakuta vifo vya watoto ni 1.2 katika kila 1,000, kiasi kisichozidi cha kina mama wengine wasio na hatari. Utafiti mkubwa zaidi, uitwao POOL, ulitoa matokeo mwaka 2024. Ulihusu wanawake zaidi ya 60,000 waliotumia bwawa wakati wa uchungu kati ya 2015 na 2022, ukawalinganisha waliozalia humo na waliotoka kabla. Waliobaki majini hawakuchanika vibaya zaidi, na watoto wao hawakuwa katika hatari zaidi. Wamarekani ni wagumu kidogo: mwaka 2016 chama cha madaktari wao wa uzazi kilikubali mama apitishe uchungu majini, lakini kikashauri mtoto azaliwe nchi kavu.

Kuna jambo ambalo wanaonitumia utafiti wa POOL kwenye WhatsApp hawalitaji. Waliohesabiwa mle ni wanawake waliochujwa. Mimba ilikuwa imetimia, mtoto mmoja, kichwa chini, mama hana shinikizo la damu, hajapasuliwa zamani, hatokwi damu. Baada ya mchujo huo wanabaki wanawake ambao hata wangezalia kwenye kochi wengi wao wangetoka salama. Sasa njoo Kigoma uchuje. Mtoe mwenye malaria. Mtoe aliyepungukiwa damu, na malaria haimwachi mtu na damu ya kutosha. Mtoe wa uzazi wa saba, ambaye huku si mgeni, na ambaye mfuko wake wa uzazi umechoka kiasi kwamba huenda usikaze baada ya mtoto kutoka. Mtoe aliyekuja na kadi ya kliniki yenye hudhurio moja. Huyo wa mwisho pengine hana tatizo lolote, ila hakuna anayejua.

Watu huuliza kwanza kama mtoto hazami. Kwa kawaida hazami. Tumboni hapumui kwa mapafu, hewa yake inapita kwenye kitovu, na mapafu yamejaa majimaji. Pumzi ya kwanza huitwa na ubaridi wa hewa usoni na ule mguso wa kutoka nje. Maji yakiwa ya joto la mwili, anatoka upande mmoja wa maji na kuingia mwingine, na akiinuliwa mara moja bila kurudishwa chini, anaanza kupumua juu. Shida ni mtoto aliyechoka. Aliyekosa hewa wakati wa uchungu huweza kuvuta pumzi akiwa bado chini ya maji, na hapo anavuta maji pamoja na choo cha mama yake.

Huyo lazima ajulikane mapema, na anajulikana kwa kusikiliza moyo wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unataka mapigo yasikilizwe kila dakika tano mama anaposukuma. Vituo vyetu vingi vinatumia ile pembe ya mbao ambayo mkunga anaikandamiza tumboni na kuweka sikio upande wa pili. Haifanyi kazi ndani ya maji. Ama umwinue mama kila dakika tano, au uwe na kifaa cha umeme kisichoingia maji, na betri yake, na mtu wa kukishika. Usiku mmoja niliosindikiza mgonjwa kwenye kituo fulani, mkunga alikuwa mmoja na waliokuwa na uchungu walikuwa watatu. Mama aliye bwawani haachwi peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua glovu. Wale wawili wengine angewapa nani?

Kitovu nacho. POOL ilikuta kinakatika kabla ya kubanwa mara 10 katika kila 1,000 kwa waliozalia majini, dhidi ya mara 3 kwa waliotoka. Sababu ni nyepesi kuielewa: mkunga anamvuta mtoto juu haraka ili afikie hewa, na kama kitovu ni kifupi, kinakatika. Mkunga aliyezoea anakibana sekunde hiyo hiyo na hakuna linaloharibika. Lakini mtoto wa kilo tatu ana damu ya mililita 250 hivi mwili mzima. Haijai chupa ya soda. Ukianza kutafuta kibanio droo ya pili baada ya kukikosa droo ya kwanza, umeshachelewa.

Hata hivyo, ningeambiwa nichague hofu moja tu, ningeacha ya mtoto nikachukua ya mama, yaani damu. Sidai kwamba maji yanamfanya atokwe damu nyingi zaidi, tafiti hazisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba yanaificha. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio liitwalo E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Kifaa chake kikuu ni shuka la plastiki linalotandikwa chini ya mama, lenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda na mistari ya vipimo. Damu inaingia mfukoni, mkunga anasoma mstari, ikifika kiasi cha hatari anaanza huduma zote kwa pamoja bila kungoja: anasugua mfuko wa uzazi, anatoa dawa ya kuukaza na ya kuzuia damu, anaweka dripu, anatafuta inakotoka. Walipokuwa wakikadiria kwa macho waligundua kama nusu tu ya waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi. Kwa ule mfuko na utaratibu wake waligundua 93 katika 100. Matokeo mabaya kabisa ya damu, yaani kuvuja kupindukia, kupasuliwa kwa sababu hiyo au kufa, yalipungua kwa asilimia 60.

Nimelieleza kwa urefu kwa makusudi. Nchi hii ilikuwa ikipoteza wanawake 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2015/16, na takwimu za 2022 zinasema 104. Wengine wanabishana kuhusu namna hesabu hizo zilivyopatikana, lakini hakuna anayebisha kwamba kutokwa damu baada ya kujifungua kumo kati ya wauaji wakubwa. Ndiyo kwanza tunajifunza kuipima damu kwa mistari badala ya macho. Halafu tumwingize mama kwenye lita mia sita za maji? Glasi moja ya damu humo inayafanya yote kuwa mekundu, na glasi tatu vilevile. Wakunga wengine humtoa mama bwawani mara mtoto akishazaliwa, kondo la nyuma litokee nje. Ni sawa, ila kuna kumtoa mtu anayetembea na kuna kumtoa mtu aliyezimia. Au aliyeshikwa na kifafa cha mimba. Jaribu kumwinua mtu mzima, mwenye maji na damu, anayeteleza, kutoka ndani ya beseni lenye kina cha nusu mita, mkiwa wawili.

Na hayo maji yenyewe yanatoka wapi? Hapa nilikaa na karatasi, kwa sababu mimi huamini ndoo kuliko maneno. Bwawa la kuzalia linachukua lita 600 hivi. Hizo ni ndoo kubwa 30. Joto halitakiwi kuzidi nyuzi 37.5, kwa hiyo tuseme 37. Maji yetu ya pipa ni kama nyuzi 25. Ukipiga hesabu ya kuchanganya, unahitaji ndoo tano za maji yanayotokota na ndoo ishirini na tano za baridi. Mkaa wa ndoo tano unapatikana. Lakini umeona kilichotokea? Ndoo ishirini na tano hazikuchemshwa. Zimetoka kama zilivyo kwenye pipa, kwenye kisima au bombani siku bomba likikubali, na ndani yake ndimo unamzalishia mtoto na ndimo anakokaa mama mwenye kidonda. Ukitaka yote yachemke, utachemsha ndoo 30 na kungoja zipoe mpaka 37, na uchungu haungoji. Baada ya saa mbili yamepoa, anza tena. Akimaliza, bwawa linamwagwa, linasuguliwa kwa dawa na kukaushwa kabla ya mwingine.

Hata penye bomba safi na hita mambo yameharibika. Texas mwaka 2014 kichanga kilichozaliwa nyumbani kwenye beseni la kukodi lenye hita kilikufa kwa homa ya mapafu ya bakteria wa lejonela, wanaostawi katika maji ya vuguvugu yaliyotulia. Mwaka 2016 watoto wawili wa Arizona waliugua ugonjwa huo huo baada ya kuzaliwa majini. Uingereza mwaka 2014 ilitoa onyo dhidi ya mabwawa ya nyumbani yanayojazwa na kupashwa moto siku kadhaa kabla. Hao ni watu ambao wakifungua koki hawajiulizi maswali.

Kuhusu ziwa sitakaa sana. Yule binti hakuwa anatania kabisa aliposema maji tunayo, maana zipo pia video za wanawake wanaojifungulia ufukweni mwa bahari, mawimbi yakiwapiga mgongoni, na zina watazamaji wengi. Tanganyika ni ziwa zuri, lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani. Lina kichocho. Mei 2015 kule Kagunga, walipofurika wakimbizi kutoka Burundi, kipindupindu kiliua watu ufukweni hapo hapo. Miaka ya karibuni limepanda likameza nyumba za kando, na nyumba zina vyoo. Na maji tunayoyaona matamu kuogelea saa nane mchana ni baridi kwa kichanga ambaye dakika moja iliyopita alikuwa kwenye nyuzi 37. Jibu ni hapana.

Ingawa, tukisema ukweli, Kigoma tuna uzazi wa majini wa kwetu. Vijiji kama Mwamgongo na Kagunga ukitaka kuvifikia unapanda boti, na mama akishikwa usiku anapakizwa kwenye mtumbwi wa injini pamoja na beseni lake, kanga zake na shangazi mwenye tochi. Wapo watu wazima mjini hapa wanaotaniwa kwa kuzaliwa kati ya kijiji na kijiji, juu ya maji. Sasa ipo namba 115 ya m-mama ya kuita usafiri wa dharura bila malipo, na inasaidia. Wimbi lenyewe halipokei simu.

Kwa hiyo niko wapi? Bwawa la kuzalia Kigoma, leo, hapana. Mtu mwenye uwezo akitaka kwenda nalo kwenye hospitali kubwa yenye wakunga waliofundishwa, chumba cha upasuaji karibu na maji ya uhakika, sina ugomvi naye, na tafiti zitamuunga mkono kwa sehemu. Lakini nikisikia mradi fulani unataka kutuletea mabwawa ya plastiki vijijini kabla ya koki za kunawia mikono, nitapinga kwa jina langu.

Ninachokitaka ni vile vitu ambavyo bwawa limevibeba ndani yake bila watu kuviona. Tazama ile video tena, uzime sauti. Mama hajalazwa chali, anageuka atakavyo. Ana mtu wake mgongoni. Chumba kina mlango. Kiuno kiko kwenye joto. Mwongozo wa 2018 nilioutaja unapendekeza karibu yote hayo bila kudai bwawa: mama atembee, achague mkao, awe na msindikizaji amtakaye, asingwe au akandwe kwa kitambaa cha moto. Na hapa Kigoma tuna ushahidi wetu. Kati ya 2016 na 2018 shirika la Thamini Uhai, pamoja na serikali, lilijaribu katika baadhi ya vituo vya mkoa huu kumruhusu mama awe na mtu wa kumsindikiza ndani ya leba, jambo ambalo wengi walisema haliwezekani kwa sababu ya msongamano. Likawezekana, na kina mama wa vituo hivyo waliridhika zaidi na huduma. Huwa nashangaa tunavyotamani beseni la Ulaya huku jaribio letu wenyewe tumelisahau.

Leba iwe na bafu. Bafu la mlango, sakafu isiyoteleza, kigoda cha plastiki, chuma cha kushika ukutani, na maji ya moto, hata kama ni ya pipa jeusi juu ya bati. Pawe na pazia kati ya kitanda na kitanda, ili msindikizaji wa huyu asimtazame yule. Hapo mama ameshapata sehemu kubwa ya anachokiona kwenye simu, na akifika wakati wa kusukuma anatoka, anakaa juu ya lile shuka lenye mfuko, na damu yake inaonekana. Maji yanayomwagika mwilini na kwenda zake mtaroni hayana muda wa kufuga kitu, na ukiyapunguza mpaka ndoo moja bado yana kazi.

Nimekwisha kuona ndoo hiyo moja. Binti wa kaka yangu alishikwa usiku wa Jumanne, saa tano, chupa ikapasuka sebuleni. Tulipofika kituoni (sitakitaja, kwa sababu waliokuwa zamu walifanya kila walichoweza) koki ya leba ilitoa pumzi tu. Maji yamekatika tangu jana, akasema nesi, ya kwenye tangi ni ya kunawa na ya vyombo. Alimpima: sentimita nne, mapigo ya mtoto mazuri. Akaturuhusu tutumie bafu la nje, nikamtuma kijana wa bodaboda nyumbani akalete ndoo ya lita ishirini iliyochanganywa, yenye mfuniko, aishike katikati ya miguu na asikimbie.

Mtoto alizaliwa kumi na mbili na robo asubuhi, kitandani, wa kike, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Lakini ninachokikumbuka ni saa saba usiku. Amekaa kwenye kigoda uso ukutani, kanga imelowa, mikono imeshika beseni tupu. Mimi nyuma yake na kopo la plastiki, namwagia kiunoni polepole, kopo baada ya kopo. Uchungu ulipokuja hakusema kitu, aliinama tu. Ulipopita akasema, "Hapo hapo, shangazi. Chini kidogo. Usiache."

Ndoo ilikuwa imefika nusu nesi alipochungulia mlangoni na tochi ya simu. Akatazama kigoda, akatazama ndoo. Akauliza kama yatabaki, kwa sababu kuna mama mwingine mle ndani ameyasikia yanavyomwagika.